Mtumbwi wa Baba Mkwe

Kabla jogoo hajamaliza kelele zake nilikuwa nimekwisha kuoga, nimekwisha kumwogesha mwanangu Tuntufye, na nimekwisha kuapa moyoni kwamba leo, mvua inyeshe isinyeshe, mimi Marita, binti wa wafinyanzi wa Ikombe, naenda kliniki. Aliyetaka kukasirika, akasirike mpaka achoke.

Sikuwa naenda kutembea. Wakati wa kujifungua nilitokwa na damu nyingi, kondo la nyuma likang'ang'ania tumboni, na Nesi Elizabeth wa misheni alihangaika nami mpaka jasho likamdondoka puani. Siku naruhusiwa kurudi nyumbani alinishika mkono, akanitazama usoni.

"Marita, mtoto akifikisha wiki sita uje nikuangalie. Lakini damu ikirudi, au mwili ukichemka, usingoje hizo wiki sita. Uje siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Nesi."

"Usiseme umesikia kwa adabu tu. Wenzako wananiambia wamesikia, halafu naletewa habari zao."

Damu ilirudi Jumapili, kidogo, nikajipa moyo. Jumatatu ikazidi. Kufikia Jumatano nilikuwa natetemeka chini ya blanketi mchana wa jua kali, na maziwa yameanza kupungua. Nilimwambia mama mkwe, Mama Felista. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua uso.

"Uchafu wa uzazi huo, mwanangu, unatoka. Mimi nimezaa saba na hakuna mtu aliyenichungulia."

Mume wangu sikumwambia. Kwa wakwe zangu Wanyakyusa mwanamume haambiwi mambo ya damu ya uzazi; eti akiyasikia nguvu zinamtoka. Basi nikanyamaza. Nikafua nepi nikazianika juu ya moto, nikakunja kanga mbili na gauni langu la kanisani, nikachoma ndizi za kula njiani, nikafunga kila kitu katika kitambaa kimoja.

Ndipo nikasikia hatua zake nje ya ukuta.

Nyumba yetu ilikuwa ya mianzi, kama nyumba zote za pale, na tangu nijifungue mume wangu Anyitike alikuwa halali humo. Alilala kwa rafiki yake, maana ndivyo mila ilivyotaka: mzazi abaki ndani na mumewe akae mbali mpaka wazee waseme basi. Lakini mila haikusema lolote kuhusu ukuta. Kila asubuhi alikuja akachuchumaa upande wa nje, mimi nikakaa upande wa ndani, tukazungumza kupitia mwanya wa mianzi. Wakati mwingine alipitisha vidole viwili nami nikavishika. Msinielewe vibaya katika haya nitakayosimulia. Yule mwanamume alinipenda, nami nilimpenda mpaka nikisikia sauti yake moyo unaniruka.

"Ugonile, mama Tuntufye," alinisalimu.

"Nimeamka. Mtumbwi uko wapi?"

Niliona jicho lake moja kwenye mwanya, likaondoka.

"Anyitike, nakuuliza. Mtumbwi wa Hezroni uko wapi?"

Masika ya mwaka ule, enzi hizo za Mwingereza, Mto Mbaka ulikuwa umekutana na ziwa, na kati yetu na misheni hapakuwa tena na njia. Palikuwa na maji tu, na vichwa vya mpunga vikichungulia. Ng'ombe walikuwa wamepandishwa kwenye mwinuko. Bila mtumbwi huendi popote, na Hezroni, mvuvi wa Mwaya, alikuwa ametuahidi wa kwake.

"Hezroni amekataa," mume wangu alisema taratibu. "Baba amepita kwake jana jioni. Amemwambia atakayemvusha mkamwana wake ambaye hajatolewa nje na wazee, asije kumlaumu mtu ng'ombe wakianza kufa."

"Ng'ombe!"

"Marita, punguza sauti."

"Sipunguzi. Mimi na ng'ombe nani kaolewa humu?"

"Baba anasema maji yatashuka. Anasema ungoje."

"Na wewe unasemaje?"

Akavuta pumzi. Nilimjua alivyokuwa akivuta pumzi. Ndivyo alivyofanya alipotoka Chunya kuchimba dhahabu akanikuta sokoni Matema na vyungu vyangu, akazunguka mara tatu kabla ya kuniambia neno. Siku ile nilipenda aibu yake. Leo nilitaka kuichukua niitupe ziwani.

"Mimi nasema," alianza, "baba ni baba."

Loo! Nilisimama hata sikujua nimesimamaje. Nikamchukua mtoto nikamfunga mgongoni, nikabeba furushi langu, nikasukuma mlango, nikatoka nje mchana kweupe, mzazi ambaye hajatolewa. Anyitike alibaki ameduwaa pale alipochuchumaa. Tulikuwa hatujaonana uso kwa uso tangu nijifungue. Alikuwa amekonda. Macho yake yakaenda kwangu, yakaenda kwa mtoto, yakarudi kwangu, na kwa kitambo kidogo hasira yangu ikataka kuniponyoka.

"Umekonda, Marita," alisema.

"Unajua kwa nini?"

Kabla hajajibu, Mama Felista akatokea kwenye njia ya migombani na kikapu kichwani. Alipotuona tumesimama pamoja, kikapu kilimdondoka.

"Jamani! Jamani, Kyala, Mungu wangu! Umetoka? Nani amekutoa? Rudi ndani!"

"Mama, nisamehe. Sirudi."

"Anyitike, mrudishe mkeo ndani!"

"Mama, ngoja kwanza..."

"Asingoje!" nikasema. "Asikie. Anyitike, natoka damu. Imerudi tangu Jumapili na inazidi. Nina homa. Nesi aliniambia hii ikitokea niende siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo imeshapita. Nimemwambia mama, akasema ni uchafu. Haya, sasa umesikia. Nguvu zimekutoka?"

Mama Felista alijifunika uso kwa mikono. Mambo hayo hayasemwi mbele ya mwanamume, tena mwanawe wa kumzaa. Lakini mimi nilikuwa nimemtazama mume wangu. Rangi yake ilikuwa imebadilika.

"Tangu Jumapili?" aliuliza. "Na kila asubuhi nilikuja hapa, ukaniambia hujambo?"

"Nilikuwa na adabu. Leo imekwisha."

"Hata hivyo utavukaje?" Mama Felista alilia. "Mitumbwi hakuna! Umebaki ule wa mzee tu."

Kweli, ulikuwa umebaki huo, mkubwa kuliko yote. Ulifungwa nyuma ya ua wa baba mkwe, mahali ambapo maji yalifikia. Jina lake silitaji, hata leo silitaji, maana mkamwana hataji jina la mkwe. Kwao mkamwana hamwangalii mkwe wala haonwi naye. Wanaume vijana hujenga kijiji chao mbali na baba zao, na sababu mojawapo ni hiyo. Nikimsikia anakohoa njiani, naruka vichakani, najifunika kanga mpaka apite, hata kama nina mtungi wa maji kichwani. Kanisani yeye ni mzee wa kanisa, anakaa mbele. Mimi naingia kwa mlango wa nyuma na kuketi nyuma ya nguzo. Mwaka mzima wa ndoa nilikuwa sijauona uso wake.

"Hatautoa," Anyitike alisema. "Nilikwenda kumwomba alfajiri. Amekaa nao. Amebeba kigoda chake, amekaa kando ya mtumbwi na fimbo mkononi. Amesema atakaa hapo mpaka maji yakauke."

"Amekaa yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakumweka mtu?"

"Amweke nani? Amesema hamwamini mtu."

Nikaanza kucheka. Homa ilikuwa kichwani na miguu ilikuwa haina nguvu, lakini nilicheka mpaka Tuntufye akashtuka mgongoni. Mama Felista alinitazama akiamini kwamba sasa nimerukwa na akili. Jamani, mwaka mzima nilikuwa nakimbia mimi! Nilirukia matope, nikarukia miiba, nikakimbia na mimba ya miezi minane. Hakuna aliyewahi kunikumbusha kwamba mwiko ule una pande mbili, na kwamba yeye naye amekatazwa kuniona.

"Unakwenda wapi?" Anyitike aliuliza.

"Kwa baba yako."

"Marita!"

"Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki, baki. Mimi sikungoji."

Nilitembea katikati ya njia. Nyuma yangu Mama Felista alikuwa anapiga mayowe, akitaja mababu na Yesu kwa zamu. Wanawake walitoka mashambani wakasimama na majembe yao. Sikujifunika uso. Nilipofika kwenye ua wa baba mkwe, mahali ambapo mguu wangu haukuwahi kukanyaga, nisiseme uongo, niliogopa. Nikakohoa kwa sauti, kama yeye alivyozoea kunikoholea.

"Hodi!" nikaita. "Ni mimi, mkamwana! Napita!"

Alikuwa ameketi vilevile nilivyoambiwa, mgongo kwangu, fimbo magotini, mtumbwi umefungwa kwenye kigingi karibu na mguu wake. Aliposikia sauti yangu mabega yake yalishtuka. Akaanza kugeuka, akakumbuka, akasita katikati. Akabaki hivyo, shingo imepinda, hajui aende wapi.

"Felista!" alinguruma akitazama maji. "Felista! Nani huyo uani kwangu?"

"Ni yeye!" mama mkwe alilia kutoka nyuma. "Ni Marita! Amekuja, baba, anakuja!"

"Mwambie arudi!"

"Haambiliki!"

Nikapiga hatua. Nikapiga nyingine. Nilikuwa sina haraka. Mzee yule, ambaye watu wazima waliinama wakimsalimu, ambaye mume wangu alimwogopa kuliko radi, alijifunika uso kwa mgolole wake, akainuka, akaangusha kigoda, akaanza kwenda upandeupande. Fimbo ikamponyoka. Mwishowe akakimbia. Nawaambia alikimbia, nguo imejaa upepo, mpaka ndani ya migomba, na migomba ikatikisika alipopita. Mwanamke mmoja kule shambani akacheka, akajiziba mdomo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuinama kufungua kamba.

"Anyitike!" sauti ikatoka migombani. "Uko wapi wewe? Mzuie mkeo!"

Nikamshusha Tuntufye mgongoni, nikamlaza juu ya furushi ndani ya mtumbwi, nikaingia, nikashika upondo. Watu wa bara wanaona mtumbwi ni jambo la wanaume. Kwetu Ikombe sisi wanawake tunapeleka vyungu sokoni majini kabla hatujaota meno ya utu uzima. Nilisukuma. Mtumbwi ukakwama kwenye tope. Nikasukuma tena, nikahisi damu ya moto ikinishuka mapajani, na dunia ikazunguka kidogo. Nikajishikilia kwenye upondo nisianguke.

Nilipoinua macho nilimwona mume wangu. Alikuwa amesimama ukingoni, maji yakimgusa vidole, mikono inaning'inia.

"Anyitike!" baba yake alipiga kelele. "Ukimsaidia huyo mwanamke kuondoka na mtumbwi wangu, usinikanyagie tena hapa uani! Umesikia? Utafute baba mwingine!"

Alisikia. Sisi sote tulisikia. Ningeweza kumwita wakati ule, nikalia, nikamwambia njoo mpenzi wangu nakufa. Sikumwita. Mwanamume wa kuitwa wakati kama ule ningemfanyia nini baadaye? Nilimtazama tu, naye akanitazama, na katika yale macho nikaona mvulana anayemwogopa babake na mwanamume niliyempenda sokoni, wote wawili wanagombana humo. Sikujua nani atashinda.

"Baba," alisema mwishowe, bila kugeuka kuitazama migomba. "Nimesikia. Ndaga, nashukuru."

Akavua viatu vyake vya Chunya, akavitupa mtumbwini, akaingia majini mpaka kiunoni. Akauegemea mtumbwi kwa bega lake, ukang'oka topeni, akarukia ndani. Mama Felista alitoa ukelele, lakini nilipotupa jicho nyuma, nilimwona ameokota fimbo ya mumewe, ameisimamia, anatutazama tunavyokwenda. Hakuwa analia tena.

"Mshike mtoto," nikamwambia Anyitike.

"Mimi?"

"Kuna mtu mwingine humu?"

Akamchukua. Alimshika kama mtu aliyepewa yai bichi na kuambiwa akimbie nalo. Ilikuwa mara ya kwanza. Tuntufye akafungua macho, akamtazama baba yake, akapiga chafya, na lile jibaba lote likaanza kutokwa machozi.

"Mbona hukuniambia?" aliniuliza. "Siku zote hizo, Marita. Ningejua..."

"Ungejua ungefanya nini? Ungekwenda kumuuliza baba?"

Akainamisha kichwa. "Labda."

"Angalau husemi uongo."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua. Baba yako."

"Si baba." Sauti yake ilikuwa chini. "Siku ile unajifungua nilikaa nje ya ile wodi nikakusikia unalia, halafu nikasikia umenyamaza. Nikamwahidi Mungu: niachie huyu mwanamke, nami nitamtii baba katika kila kitu. Kila kitu. Nikaona nikivunja ahadi, atakuchukua."

Upondo ulinisimama mkononi. Nilikuwa na maneno makali niliyoyatunza tangu alfajiri, yamepangwa vizuri, na sasa sikuyaona yamekwenda wapi.

"Mjinga wewe," nikasema.

"Ndiyo."

"Mungu gani anafanya biashara hiyo?"

"Sijui. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nakupenda, Marita, nakupenda mpaka nakuwa mjinga."

Mbele ya mtoto, mchana, katikati ya shamba la mpunga la watu! Nilisikia mashavu yanawaka, na safari hii haikuwa homa. Nikamwambia na mimi nampenda, na kwamba akinyamaza tena mbele ya baba yake nitamzamisha mwenyewe. Akasema ni sawa. Nikasukuma mara mbili zaidi, kisha mikono ikaniishia kabisa, nikakaa chini bila kupenda.

Akanipa mtoto, akachukua upondo. Mwenyezi Mungu aliwaumba Wanyakyusa kwa ajili ya kulima! Mtumbwi ulizunguka, ukarudi tulikotoka, ukaingia kwenye matete.

"Kushoto! Usiuchome chini hivyo, utakwama. Sukuma halafu uuache ukufuate."

"Nafanya hivyohivyo."

"Hufanyi. Anyitike, jamani, tutafika Krismasi."

Tulifika. Sijui kwa muda gani, maana sehemu ya mwisho niliiona kwa vipande vipande: bega lake lenye jasho, mawingu, paa la bati la misheni. Alinibeba kutoka majini mpaka mlangoni, mimi nikiwa nimembeba Tuntufye, na wagonjwa kwenye benchi wakatuachia nafasi.

Nesi Elizabeth hakuuliza maswali mengi. Alinipima homa, akanibonyeza tumbo, akaita msaidizi alete maji ya moto, akamtoa mume wangu nje. Yaliyofuata hayafai kusimuliwa kwa anayekula. Alipomaliza alinawa mikono muda mrefu, kisha akaketi kitandani kando yangu.

"Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki. Nimekitoa. Sasa utachomwa sindano asubuhi na jioni, na hutatoka kitandani humu mpaka niseme mimi."

"Na kama ningengoja maji yashuke, Nesi?"

Alinitazama. "Usingeyaona yakishuka, Marita."

Aliyasema bila kupamba, akainuka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nikageukia ukutani nikalia, peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nililia kwa hofu niliyokuwa nimeikatalia njia nzima.

Anyitike alipoitwa ndani alikaa sakafuni karibu na kitanda, akaweka kichwa chake juu ya mkono wangu. Hapakuwa na mwanzi kati yetu. Hakuna aliyetutenga, na Nesi alipopita alijifanya haoni.

"Lazima nirudishe mtumbwi kabla jua halijazama," alisema baadaye. "Sitaki baba aseme nimeuiba. Kisha nitarudi kukesha hapa. Hezroni nitamleta kwa masikio, atanivusha."

"Nenda."

"Nitamkuta baba pale uani. Nitamwambia nini, Marita?"

Nilimweka Tuntufye kwenye titi. Alivuta, akagoma, akavuta tena, akapata.

"Mwambie ndaga fijo, asante sana, kwa mtumbwi wake," nikasema. "Mwambie mkamwana wake ni mzima. Na mwambie nikitoka hapa nitapita palepale uani kwake, katikati ya njia, na mjukuu wake mgongoni. Kama hataki kuniona, ajifiche yeye."